Shali ya Mafundo

Likizo ya Juni haikuwa likizo kwa mtoto wa Umatengo. Shule zinafungwa, baridi inashuka, kahawa zinaiva, vyote kwa pamoja, utadhani kuna mtu alivipangia. Asubuhi tulichuma, mchana tukamenya na kuosha, na jua likipata nguvu kidogo tulikaa nje tukiegemea ukuta, mikono inanuka maganda, tukashika kazi za uzi. Masista wa shule yangu ya bweni walikuwa wametupa kazi ya likizo: kitambaa cha meza cha drafti, kidariziwe maua kwa vimisalaba, kila kimsalaba ndani ya kijumba chake, na pindo la kroshia pande zote. Sista wa kazi za mikono alikuwa na tabia ya kukipindua kitambaa na kuanza kukagua nyuma, maana mbele, alisema, kila mtu anaweza kudanganya. Nilinawa kwa limau na majivu kabla ya kugusa uzi mweupe, na bado ulikuwa unageuka rangi ya chai.

Mama hakuwa na muda wa maua. Kazi yake ya kipupwe ilikuwa kufumua. Mitumba ilikuwa imeanza kumwagika gulioni Mbinga, naye alichagua masweta yaliyotoboka viwiko, akayafumua, akaosha uzi, akauanika kwenye uzio, akaukunja madonge, kisha akatufumia upya. Alianzia shingoni na kumalizia kiunoni, ili mtoto akirefuka sweta nalo lirefushwe. Mimi nilivaa sweta lenye rangi za Wazungu kadhaa nisiowajua, na nilijiona nimependeza.

Likizo ninayoikumbuka, mtu wa kumshikia uzi alikuwa baba yake mzazi, babu yangu. Alinyoosha mikono yote miwili mbele, mama akamzungushia uzi, na mzee alikaa hivyo ametulia, kama mtoto anayepimwa nguo. Babu alikuwa mtu wa Mbaha, kule ziwani. Maisha yake yote alifuma nyavu, na wavuvi walimsubiri. Kisha nyavu za nailoni zikaanza kuja madukani zimeshafumwa, na wavuvi wakahamia dukani. Bibi akafa, miguu ya babu ikavimba, mama akashuka kumchukua aje atibiwe huku juu. "Ukipona tutakurudisha, Baba," alimwambia.

Miguu ilipona, lakini babu aliendelea kukaa kwetu Mapera. Hakuna aliyemkatalia kurudi. Ilikuwa tu kwamba kiangazi, barabara ya kushuka ziwani ikipitika, sisi tulikuwa na kahawa. Mvua zikianza tulikuwa na nafasi, lakini barabara haikuwepo tena. Kwa hiyo kila safari yake iliahirishwa kwa sababu ya kweli kabisa. Mimi naichukia kahawa mpaka leo, ingawa ndiyo iliyonisomesha.

Na pale alikuwa ukweni. Baba yangu alimheshimu sana, ila heshima yenyewe ilikuwa mzigo. Babu hakula na mkwewe chombo kimoja, hakukohoa kwa nguvu baba akiwa ndani, hakuweza hata kumkaripia kuku wa watu. Nilipomwamkia asubuhi, "Shikamoo Babu," alijibu, "Marahaba, mke wangu," na hapo tu ndipo alipoonekana mtu mwenye kwake. Siku moja, uzi ukiwa mikononi, alimwambia mama waziwazi: "Mwanangu, mimi sitaki kufia ukweni."

Mama alicheka kidogo, akaendelea kuzungusha uzi. Babu akaomba apewe donge moja la uzi. Alichonga mwanzi akapata sindano bapa ya kufumia nyavu, akaanza kufuma uzi wa masweta ya Wazungu kwa mkono wa Mbaha, jicho kwa jicho, kila jicho na fundo lake. Wanawake waliopita walimtania, mzee mzima na uzi wa kike. "Nilifuma kabla mama zenu hawajazaliwa," aliwajibu. Mama naye akauliza ni samaki gani, ni mbasa gani wa kunaswa na sufu. Babu akasema si wavu, ni shali, na ikiisha, waondoke.

"Haya, Baba," mama akasema. "Ukimaliza shali, tunakupeleka. Kahawa au hakuna kahawa."

Sijawahi kuona mtu akifuma hivyo. Mimi na vimisalaba vyangu nilikuwa sijamaliza ua moja, yeye shali imeshafika magotini. Alinieleza Mbaha huku anafuma, nyumba ilivyokaa, jinsi mchanga unavyounguza nyayo saa saba, na mahali alipolazwa bibi. Hakuniangalia, macho yalikuwa kwenye uzi. Mama alimwangalia mno, na nikaona uso wake unabadilika. Donge likiisha, alikawia kutoa jingine. Mara uzi haujakauka. Mara uzi umekwisha, Baba, tusubiri gulio.

Nilipofagia chumbani kwa mama niliukuta mfuko uvunguni, umejaa masweta. Nikamwuliza. Alikaa kitandani akaanza kulia, mama yangu ambaye hakulia hata alipovunjika kidole. "Nani atampikia kule?" akasema. "Atakufa peke yake mlango umefungwa, watu wajue baada ya siku. Hapa namwona kila asubuhi." Nilimwambia si haki. Akaniambia nirudi kwenye maua yangu.

Babu aliusubiri uzi bila kulalamika. Baridi ya Julai ilikuwa imekolea, asubuhi nyasi nyeupe kwa ukungu, naye akaanza kutoka amejifunga blanketi mpaka shingoni, akakaa kwenye jua akafuma chini ya blanketi hilo. Mama aliona blanketi, akaongeza kuni jikoni. Hakuna aliyejiuliza uzi anatoa wapi. Mimi nilidhani mama amelegea. Mama alidhani ni mimi ninayempa.

Siku aliyomaliza, alimwita mama tukiwa tunamenya kahawa. Alimwekea shali mabegani mwenyewe. "Hii yako," alisema. "Mimi nakwenda kwenye joto. Wewe ndiye unayebaki na baridi." Mama akaishika ncha, na mkono wake ukasimama. Upande wa mwisho wote ulikuwa uzi wa kijivu, na uzi huo aliujua, maana aliufuma yeye. Akavuta blanketi. Chini yake sweta la babu lilikuwa limebaki shingo na mikono tu. Tumbo na mgongo vilikuwa wazi.

Mama alipiga yowe mpaka baba akaja mbio kutoka shambani. Baba alitazama, akaelewa, akasema kahawa zidondoke kama zinataka, lori la kwanza linalokwenda Mbinga tunapanda. Alisema kwa hasira, na nilimpenda kwa hasira hiyo. Mkoba wa babu ulifungwa, ukawekwa mlangoni.

Lakini kifua kilikuwa kimeshashika. Usiku huo alikohoa kwa nguvu bila kumjali mkwe, na mimi nikajua ni vibaya. Alikufa kabla lori halijaja, ndani ya chumba cha wageni cha nyumba yetu, mkoba wake ukiwa mlangoni. Alifia ukweni.

Lori lilikuja. Lilikuwa la mmoja wa wale wanunuzi binafsi walioanza kuzunguka vijijini enzi hizo, na dereva alikubali kumpeleka hadi ziwani. Babu alishuka Mbaha juu ya magunia ya kahawa. Tulimlaza karibu na bibi, na mchanga ulikuwa wa moto kama alivyosema.

Kitambaa changu nilikipeleka shuleni bila pindo. Sista alikipindua, akatazama nyuma, akanirudishia.

Juni iliyofuata nilimkuta mama kwenye ukuta wa jua na shali mapajani. Alitaka uzi wa kijivu. Alitaka kulifuma upya lile sweta, hakusema kwa ajili ya nani. "Hebu nitafutie mwisho wa uzi," aliniambia, "macho yangu yamechoka." Kazi ya kroshia ukivuta ncha inaachia yote, mstari baada ya mstari, hadi unabaki na donge. Hii ilikuwa ya mtu wa nyavu. Nikapata ncha, nikavuta, ikagoma kwenye fundo la kwanza. Nikalegeza kwa sindano, kwa meno. Mama akanipokonya, akajaribu yeye, akainama juu ya fundo lile moja mpaka kivuli kikatufikia.

"Nilidhani ni baridi," alisema. "Nilimwona na blanketi, nikadhani ni baridi tu."

Nikamwuliza kama nilete mkasi. Akatikisa kichwa. Alijifunga shali mabegani, akachukua kikapu, akarudi kwenye mibuni. Kulikuwa na upepo jioni ile, na shali yote ilikuwa matundu.