Panga Lililolia Majini

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu Mjapani akifua upanga. Alikunja chuma, akakigonga, akakikunja tena, kisha akautumbukiza upanga majini ukiwa mwekundu. Ukalia ti! Ukapasuka.

Kilio kile nilikijua. Nikiwa mtoto kule Kashozi, mchana unaonuka mkaa, niliruka panga la baba mkubwa, mhunzi, ingawa wanawake tulikatazwa kuruka chuma chake, eti kitapasuka. Alipolitia majini, likalia vilevile.

Akamgeukia mkewe. “Umeliruka!”

“Sijaliruka, mume wangu!” mama mkubwa aliapa.

Nikajua nimelivunja mimi, nikanyamaza. Jioni mama mkubwa alifunga mzigo akarudi kwao Muleba.

“Bibi, hata panga za Wajapani hupasuka,” mjukuu alisema nilipomsimulia. “Ni maji tu.”

Maji tu. Mama mkubwa alizikwa hukohuko Muleba, na mimi nikikuta panga chini bado nalizunguka.