Hodi ya Tatu

Mtaani kwetu Chake Chake wanatuita "wale wasuka ukili", na hatukatai, maana ukili wa mikeka tunausuka kweli. Kila Ijumaa baada ya Alasiri tunakutana uani kwa mwenzetu mmoja, aliyeachika akabaki na nyumba aliyorithi kwa mamake. Tunavua mitandio, tunakaa jamvini na miyaa yetu ya rangi. Sote pale tunapenda wanawake. Kisiwa kizima, ni uani pale tu ninapoweza kumwita mpenzi wangu kwa jina hilo bila kugeuka nyuma.

Ijumaa moja mpenzi wangu alikuwa kalaza kichwa pajani mwangu, nami nasuka. Mara akaingia kaka wa mwenye nyumba. Hodi hakupiga. Alikuwa kayasoma maneno juu yetu kwenye kundi la simu la mtaa.

"Tawanyikeni! Kila mtu kwao! Mwantia aibu!"

Mpenzi wangu aliinuka, akachukua baibui lake. Nilijua akitoka vile harudi tena, si uani tu, hata kwangu. Niliogopa, lakini hasira zilinipanda kuliko woga.

Mwenye nyumba wala hakuinuka. "Kaka, umeingia kwa wanawake vichwa wazi, na hodi hukupiga. Toka. Ukapige, usubiri ujibiwe."

Akatoka! Dume zima na ndevu zake. Haya zilimshika, malezi ya mama yao hayo. Nikaenda mwenyewe nikatia komeo.

"Hodi," tukasikia. Tukasuka.

"Hodi!" Tukasuka.

Hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua: hodi ni tatu, usipojibiwa urudi ulikotoka. Akapiga ya tatu, kwa sauti ndogo. Kisha kandambili zake zikaondoka.

"Atakwenda kusema," mpenzi wangu alinong'ona.

"Aseme nini? Kwamba kawavamia wanawake uani bila hodi? Basi aanze na hilo," mwenye nyumba akamjibu.

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka. Sijidanganyi: iko siku atakuja na wenziwe, na hodi hawatapiga. Watatukuta. Uani ule ni wetu, na hatuutoi.

Mpenzi wangu alikuwa bado kasimama karibu na mlango, baibui mkononi, ananitazama. Sikumwita. Akalitundika msumarini, akaja, akarudisha kichwa pajani mwangu.

"Haya," akasema, "suka."