Amina Niliyoichelewesha

Ijumaa hiyo majani yalikuwa mazuri. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, na vikapu vilijaa kabla ya saa nne. Nilikuwa nachuma mstari mmoja na Mama Atieno kama kawaida, yeye upande wa juu, mimi upande wa chini. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza darasa la saba, na sikuwa mtu wa kuongea.

Mama Atieno alitoka bondeni, upande wa ziwa. Sisi wa Kiptere tulikuwa watu wa juu. Kwenye chai jambo hilo halikuwa na uzito, na kanisani pia. Yeye ndiye aliyenifundisha kuomba kwa utaratibu: alfajiri kabla ya kuwasha moto, na Ijumaa kufunga mpaka saa kumi.

Nyapara wetu alipenda kututania. "Nyinyi watu wa kufunga," alisema, "msianguke kwenye chai yangu. Sina machela."

"Tukianguka utatubeba wewe," Mama Atieno akamjibu. "Si umekula ugali wa watu wawili?"

Watu walicheka. Mimi nilicheka nikiangalia chini, kwa sababu asubuhi hiyo nilikuwa nimekula. Ugali wa jana na maziwa ya kibuyu, nyuma ya nyumba, nikapangusa mdomo kwa leso.

Haikuwa mara ya kwanza. Huko kambini, kwenye nyumba za wachumaji, Mama Atieno aliishi mlango wa pili kutoka kwangu. Kila alfajiri aligonga mara tatu na kuita, "Chepkoech, binti yangu, amka tuombe." Mwanzoni nilikuwa naamka. Halafu baridi ya Julai ikaja. Nikawa nalala kimya ndani ya blanketi, nimezuia pumzi, mpaka nisikie miguu yake ikienda.

"Ulichoka jana?" alikuwa akiniuliza baadaye.

"Nilichoka, mama."

Hakunigombeza hata siku moja.

Saa sita mtu alikuja mbio kutoka barabara ya sokoni. Ng'ombe wamechukuliwa mtoni, alisema, na watu wameuawa. Nani alianza, kila upande una habari yake. Mimi sijapata kujua ukweli. Kazi ilisimama. Wanaume wetu walikwenda kuchukua mishale. Watu wa bondeni walifunga mizigo na kushuka kwa njia ya mkato.

Mume wa Mama Atieno alifanya kazi kiwandani. Nilimsikia akimwambia mkewe, "Twende sasa hivi."

"Nitawasindikiza mpaka kwenye daraja. Halafu nitarudi, nimalize mfungo na wenzangu. Jioni nitashuka."

"Kwani Mungu hayuko bondeni?"

"Yuko. Lakini ahadi niliitoa hapa."

Alimfunga mtoto mdogo mgongoni, akamshika Atieno mkono, wakaenda.

Kanisa letu lilikuwa la udongo na mabati, kwenye mteremko, juu ya chai. Tulikuwa wanawake kumi na wanne, na Mzee arap Koros, ambaye miguu yake ilikuwa mibovu na hakuweza kwenda popote. Kanuni yetu ilikuwa hii: maombi yakianza mlango unafungwa kwa komeo, na aliyechelewa anangoja nje mpaka Amina. Mlango ulikuwa kazi yangu. Walinipa kwa sababu sikuweza kuomba kwa sauti mbele ya watu.

Tulipiga magoti. Kila mtu aliomba kwa sauti yake, wote kwa pamoja, kama mvua kwenye bati. Nje nilisikia kelele za vita, mbali, halafu si mbali.

Mlango uligongwa mara tatu.

Niliujua mkono ule.

"Chepkoech. Ni mimi. Fungua."

Hakuna mwingine aliyesikia. Chini kwenye chai vijana wetu walikuwa wakiitana. Nilizijua sauti zao. Mmoja alikuwa kaka yangu.

Wakikuta tumemficha mtu wa bondeni watafanya nini? Sikujua. Mpaka leo sijui. Labda wangemwona Mzee Koros, wakaona haya na kuondoka.

Nilijiambia kanuni ni kanuni. Mlango haufunguliwi kabla ya Amina.

Lakini sauti zilianza kushuka. Mzee Koros alikuwa anaelekea kumaliza. Amina ikija, kutakuwa kimya, wote watasikia, na mimi nitalazimika kufungua.

Nikafumba macho, nikaomba kwa sauti.

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nilipaza sauti kuliko wote. Nilimwomba Mungu atuzungushie ukuta. Wanawake walishtuka, halafu wakapaza sauti nami. Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo, umelishika lisitoke.

"Fungua, binti yangu."

Niliomba zaidi.

Baadaye sikusikia tena kugongwa. Niliendelea mpaka koo likakauka. Mzee Koros aliposema Amina, nilifungua mlango. Hapakuwa na mtu.

Mzee aliniwekea mkono kichwani. "Leo Roho amemfungua mtoto huyu kinywa," alisema. Wanawake walilia kwa furaha. Walinishika mikono, mmoja baada ya mwingine.

Nyapara ndiye aliyempata, jua likiwa bado halijazama, mistari minne chini ya kanisa. Mshale ulikuwa umemwingia mgongoni. Alimfunika kwa koti lake na kukaa naye mpaka watu walipokuja. Hakuna aliyeuliza ulikuwa mshale wa nani. Mimi sikumwuliza kaka yangu, naye hakuniambia.

Vita viliendelea siku tisa. Nyumba zilichomwa juu na chini. Halafu wazee wa pande zote walikutana mtoni wakapatana, na chai ikachumwa tena.

Mimi nikawa mtu wa maombi. Waliniita niende Fort Ternan, waliniita niende Chebunyo, niwaombee wagonjwa. Kwenye mikutano niliungama: ugali wa siku ya mfungo, wivu, uongo mdogo mdogo. Watu walisema Bwana asifiwe. Hilo jingine sikuligusa.

Watu hudhani mtu huwa mwoga siku ya hatari. Sivyo. Mama Atieno alipogonga siku ile, mkono wangu ulikuwa unajua tayari la kufanya. Niliufundisha mwenyewe, kila alfajiri, ndani ya blanketi. Kuamka kuomba si kumpendeza Mungu kwa kukosa usingizi. Ni kujizoeza kuinuka unapoitwa, wakati kinachokungoja nje ni baridi tu. Mimi nilijizoeza kulala.

Mwaka wa saba baada ya vita nilishuka bondeni. Nilimkuta Baba Atieno akipasua kuni. Nilimweleza yote, nimesimama, bila kupunguza.

"Aligonga?" aliuliza.

"Mara tatu."

"Aliita?"

"Aliniita kwa jina langu."

Aliweka shoka chini. Alikaa juu ya gogo.

"Watoto niliwaambia kanisa lilikuwa tupu," alisema. "Niliwaambia mlikuwa mmeshakimbia, mama yao hakukuta mtu. Hata mimi nilikuwa nimeanza kuamini hivyo."

Atieno alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na sufuria mkononi, msichana mkubwa sasa. Alikuwa amesikia.

Nilikuwa nimekuja kutua mzigo wangu. Nikaona nimewatwika wao.

Baba Atieno hakunifukuza, wala hakunipa mkono. Alisema, "Nenda sasa, dada. Njia ya kupanda ni ndefu." Nikaenda.