Bwana Milimita na Kopo la Mbegu

Kwa miaka ishirini na sita, kila siku saa tatu asubuhi, mhudumu wa shule alikiendea kipimamvua nyuma ya madarasa. Alimimina maji kwenye glasi yenye mistari, akainama mpaka jicho likawa sawa na maji, kisha akaandika daftarini. Pasipokuwa na maji aliandika sufuri, tena kwa mwandiko mzuri. Hakuruka hata siku aliyofiwa na mama yake. Watu walimwita Bwana Milimita, naye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi.

Mama alimwachia dada mkubwa wa Bwana Milimita kopo la mbegu: maharage meupe yenye milia myekundu, ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo tena. Kila msimu dada alipanda nusu na nusu akaiweka. Mwaka huu fukusi walikuwa wameyatoboa mengi, yamebaki ya kuhesabika. Bwana Milimita akamshauri ayapande yote, yazaliane.

"Mvua ikikata je?"

"Dada, daftari halidanganyi. Msimu haujawahi kushuka chini ya milimita mia tatu."

"Akiba haiozi, mdogo wangu."

"Haiozi, ila fukusi wanaila."

Dada akacheka, na hapo ndipo aliposhindwa. Mvua ya kwanza ikashuka milimita ishirini na mbili, akapanda yote, maharage yakachipua vizuri. Kisha mbingu zikafunga siku thelathini na tatu. Dada alibeba maji kwa ndoo mpaka kisima kikabaki tope. Kinyozi jirani akasema ukame ulikuwepo tangu enzi za mababu, na wateja wakakubali, kwa kuwa kila mmoja alikumbuka mwaka mmoja mbaya. Halafu ikanyesha siku mbili mfululizo, mvua ya hasira, ikakomba udongo pamoja na vishina vilivyokauka.

Mwisho wa msimu Bwana Milimita alijumlisha: mia tatu na kumi na nne. Ofisi ya hali ya hewa alikopeleka hesabu ikamjibu kwamba msimu ulikuwa wa kawaida. Akafurahi kidogo, na furaha hiyo bado inamtia aibu. Ndipo, kwa mara ya kwanza maishani, akaziacha milimita akahesabu siku. Msimu wa kwanza ulikuwa na siku arobaini na nne za mvua. Wa kumi, thelathini na tano. Huu, nane. Redioni alikuwa akisikia kwamba dunia inapata joto na mvua zinabadilika, akadhani wanasemwa watu wa mbali.

Alimpelekea dada madaftari yote, akamwonyesha ukurasa kwa ukurasa. Dada alitazama mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Haya uliyaandika wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Ukawa husomi."

Bwana Milimita akayafunga madaftari. Aliomba samahani. Akasema atauliza vijiji vyote, huenda mtu amebaki na punje. Dada akamwambia ameshauliza. Akainuka, akaleta kopo la mama, limeoshwa, linang'aa.

"Chukua. Kapimie mvua."

Akalipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepewa kitu cha thamani, akaenda nalo. Kesho yake saa tatu alikuwa kwenye kipimamvua. Kilikuwa kikavu. Akaandika sufuri, na mwandiko haukuwa mzuri.