Bomba la Mtindi na Jumamosi ya Mitaro

Kosa lilikuwa langu, ingawa aliyesimama mbele ya mtaa mzima na kulifungua lile bomba kipande kwa kipande alikuwa mama mdogo.

Mama mdogo ana baa ya maziwa Kabuga, pembezoni mwa Kigali, hatua chache kutoka stendi ya mabasi. Wasioijua Kigali hudhani natania ninaposema baa ya maziwa. Sitanii. Ni watu wazima, wengine na tai, wengine na kofia za pikipiki mapajani, wameketi mchana kweupe mbele ya glasi kubwa. Kuna wa maziwa ya moto na kuna wa mtindi, ule tunaouita ikivuguto, na chapati pembeni. Mama mdogo alilelewa Ngara, upande wa Tanzania, akarudi na Kiswahili chake na imani kwamba hakuna kitu kilichotengenezwa vizuri kiasi cha kuachwa kama kilivyo. Mimi nilirithi Kiswahili. Badala ya ile imani nilipata shahada, na tabia ya kuuliza "kwa nini" hadi watu wanahama benchi.

Mtindi una ubaya mmoja. Ukiutia kwenye pipa lenye bomba, mabonge yote hukimbilia mlangoni kwa pamoja. Bomba linaziba, mteja anagonga glasi, na kwa miaka mingi mama mdogo alikuwa anainama na sindano ya kufumia sweta, anachokonoa kwa chini, kisha mtindi unamrukia usoni. Siku moja alichoka. Akaikunja sindano ikawa kama kichana, akaipeleka kwa fundi wa mageti kule Gahanga, akamwambia amtengenezee kama ile kwa chuma kisichoshika kutu na aiunge na mpini wa bomba. Walihangaika wiki kadhaa. Mwishowe likapatikana bomba ambalo ukiinua mpini, kichana kinazunguka ndani kwanza, kinavunja mabonge. Ukiendelea kuinua, ndipo tundu linafunguka. Mtindi ukawa unashuka laini kama shuka linalokunjuliwa.

Alilifunika kwa kitambaa. Mteja akiagiza, anaingiza mkono chini ya kitambaa, anajaza glasi, anautoa mkono. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, na kitambaa kile kilinikera.

"Mama mdogo, unaficha nini?"

"Wataiga."

"Na waige. Wewe kugandisha maziwa ulifundishwa na nani? Ulimlipa?"

"Nilifundishwa na bibi yako."

"Na yeye?"

"Msomi, kunywa maziwa yako."

Lakini maneno yalikuwa yameingia. Nilimweleza, kwa siku nyingi na kwa mifano mingi, kwamba wazo si mbuzi, huwezi kulifunga kamba. Kwamba wazo likienda kwa jirani na kwako linabaki. Niliamini kila neno. Sasa naona ilikuwa rahisi kuamini, kwa kuwa sikuwa na wazo lolote ambalo mtu angetaka kuiga.

Ikaja Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, tunapotoka wote na majembe kufanya kazi za mtaa. Mwezi ule tulizibua mitaro. Baada ya kazi huwa kuna kikao: watu wanaketi kwenye nyasi, viatu vimejaa tope, kiongozi wa mudugudu, yaani wa mtaa wetu, anasoma matangazo. Siku hiyo alimaliza kwa kuuliza kama kuna mwenye jambo la kuwafaa wenzake. Kwa kawaida swali hilo likiulizwa watu huokota majembe na kwenda nyumbani. Mama mdogo akanyoosha mkono.

Alikuwa amekuja na pipa zima. Akagawia watu mtindi, kisha akatandika kanga kwenye benchi, akalifungua bomba na kupanga vipande vyake kimoja kimoja. Akaeleza kila kimoja. Vipande vikapita mkono kwa mkono. Mzee mmoja akauliza kwa nini kichana kina meno matano na si sita, naye akamjibu vizuri kabisa. Watu wakapiga makofi. Mimi nikapiga kwa nguvu kuliko wote, kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amefaulu. Tangu siku hiyo kitambaa kikawa cha kufutia meza.

Miezi ikapita. Kisha akaja kaka mmoja wa Bujumbura, mwenye karakana ya mapipa na makopo ya maziwa Gisimenti, hapa hapa Kigali. Alikunywa glasi ya kwanza. Glasi ya pili aliinama akitazama bomba likijaza.

"Dada, hilo umenunua wapi?"

"Sikununua. Nimelitunga."

Akacheka, kisha akaona mama mdogo hacheki.

"Basi nisikilize, dada yangu. Mimi nataka kuliweka kwenye mapipa yangu yote. Kama umelisajili, tunaandikiana leseni, na kila bomba ninalouza unapata fungu lako. Kama hujalisajili," akainua glasi, "asante kwa maziwa."

Hakuwa mtu mbaya. Angeweza kunywa, kuondoka na kulichora kwenye basi. Alisema atarudi Jumatatu.

Asubuhi ya Jumatano mama mdogo alivaa gauni la kwendea harusi, akaniambia: "Wewe uliyesema wazo si mbuzi, twende ukanisaidie kulifunga kamba."

Katika ofisi ya kusajili uvumbuzi tulipokewa na dada wa umri wangu, mwenye Kiingereza cha Kampala na Kinyarwanda cha hatua moja moja. Alilizungusha bomba mikononi. Akasema hataza kamili, ile hati kubwa ya uvumbuzi, ingekuwa ngumu kwa kitu kama hiki, lakini ipo hati ndogo kwa ajili ya vifaa vilivyoboreshwa, na ingemtosha. Kisha akachukua kalamu.

"Mama, umewahi kulionyesha hadharani?"

Nikamkanyaga mama mdogo mguu.

"Usinikanyage, nimeulizwa mimi. Ndiyo, binti. Nimelionyesha mtaa mzima."

Kalamu ikasimama. Dada akatueleza taratibu: kitu kinalindwa kikiwa kipya, na kilichokwisha onyeshwa watu si kipya tena. Makofi yangu yote ya siku ile nikayasikia upya, moja moja.

"Lakini," akaendelea, "kama aliyeonyesha ni mvumbuzi mwenyewe, anapewa mwaka mmoja tangu siku hiyo alete maombi. Ilikuwa lini?"

"Zamani," akasema mama mdogo. "Labda miaka miwili."

"Haiwezi kuwa miwili," nikasema.

"Mitaro si tulizibua mwaka wa juzi?"

"Mwaka wa juzi tulipanda miti."

Tukabishana pale mezani kama wapangaji wawili. Dada akauliza kama kuna picha. Mtaa wetu una kundi la simu ambalo hakuna mtu aliyewahi kutuma kitu cha maana humo: salamu za Jumapili, tangazo la mbuzi aliyepotea, picha za umuganda. Nikapandisha kwa kidole mwezi baada ya mwezi, nikavuka harusi mbili na msiba mmoja. Ikatokea. Mama mdogo na buti za mpira, benchi, kanga, na vipande vya bomba vimepangwa vizuri mpaka unaweza kuhesabu meno ya kichana. Na tarehe juu yake.

Mwaka ulikuwa unakamilika Jumapili ile inayokuja. Jumamosi ni umuganda, Jumapili ofisi imefungwa. Tulikuwa na Alhamisi na Ijumaa.

Kuchora halikuwa tatizo. Fundi wa Gahanga alichora kwa chaki kwenye geti la mtu, mimi nikanakili. Tatizo lilikuwa sentensi moja. Katika fomu kuna mahali pa kuandika madai, yaani kutaja kwa maneno ni nini hasa unachosema ni chako. Dada alituonya: mkidai kikubwa kuliko mlichobuni, yatakataliwa, mkidai kidogo, yule wa Gisimenti atapita pembeni.

Alhamisi tulikaa kaunta, bomba katikati yetu, nami nikafanya kazi pekee ninayoijua.

"Bomba ni lako?"

"Si langu. Bomba lipo duniani."

"Kichana?"

"Kichana ninacho."

"Unacho, lakini kitu cha kukoroga maziwa kilikuwepo. Mwiko umo jikoni kwako."

"Basi meno matano."

"Mtu ataweka sita."

"Mpini?"

"Kila bomba lina mpini."

Akanitazama kama mtu anayevuliwa nguo hadharani. "Sasa umebakiza nini? Umeninyang'anya lote."

Mteja mmoja mwenye kofia ya pikipiki akasema, "Mama, mfukuze huyo, anakufilisi." Nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba amesema kweli. Kuuliza nilikuwa najua tangu zamani. Sikuwa nimewahi kuuliza huku nikitamani jibu lipatikane.

Mama mdogo akavuta glasi ili amwekee yule mteja. Akainua mpini nusu, akauacha, akaongea naye kidogo, akaumalizia. Mtindi ukashuka.

"Kwa nini umesimama katikati?" nikauliza.

"Ili kivunje kwanza. Ukifungua kabla hakijavunja, linaziba."

"Na ni mpini huo huo mmoja?"

"Ule ule. Mkono mmoja, mwendo mmoja. Kwanza kinavunja, ndipo linafunguka. Ndiyo maana nilikaa wiki zote zile Gahanga na yule fundi; alitaka kuniwekea mipini miwili."

Nikaweka kalamu chini, nikaichukua tena. Tuliandika hivyo, kwa maneno yake mwenyewe: bomba ambalo mpini mmoja, kwa mwendo mmoja, huzungusha kivunja mabonge kabla tundu halijaanza kufunguka. Hakuna meno yanayohesabiwa humo, wala sindano, wala mtindi. Chochote kilichoganda, cha mtu yeyote. Niliisoma mara nyingi nikitafuta pa kuipinga. Sikupata, na kwa mara ya kwanza nilifurahi kukosa.

Ijumaa saa tisa alasiri karatasi ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Hati yenyewe ingechukua muda, alisema yule dada, na huenda wakauliza maswali. Lakini tarehe ilikuwa imeshikwa. Jumamosi tulikwenda umuganda, tukafyeka nyasi, na kiongozi alipouliza mwenye jambo la kuwafaa wenzake, mama mdogo alitazama kucha zake.

Jumatatu kaka wa Bujumbura akarudi. Akasoma karatasi yenye muhuri, akaikunja vizuri, akasema basi tuongee leseni, lakini kwanza afunguliwe bomba alione ndani.

"Kunywa kwanza," akasema mama mdogo.

"Mama mdogo, sasa unaweza kumwonyesha," nikamnong'oneza. "Tarehe tunayo, kuficha hakuna maana tena."

"Wewe ndiye uliyenishauri na mara ya kwanza."

Akachukua kile kitambaa cha kufutia meza, akakikung'uta, akakitandaza juu ya bomba, akamsogezea mgeni kalamu. Kaka wa Bujumbura alinitazama mimi, akatazama kitambaa, akaanza kucheka, na akiwa bado anacheka akaomba karatasi safi ili tuanze kuandika masharti. La kwanza mama mdogo alilitamka kabla hajaketi: watu wa mtaa wetu, walioketi kwenye nyasi siku ile, wakitaka kujitengenezea bomba la nyumbani, wasiulizwe.

"Kwa nini?" akauliza yule kaka.

Nilifungua mdomo kumsaidia kuuliza. Mama mdogo akaniwekea glasi mbele.