Nilimpa Baba Saa Feki, na Mume Wangu Alijua

Admin, nifiche kabisa, maana ndugu zangu wote wanasoma hii page. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane. Nashona sweta za shule pale Pipeline, Nairobi, na tunaishi Donholm na mume wangu, Baba Shiru, na watoto wawili. Naandika nikiwa na uchungu, mnivumilie nikikosea.

Baba yangu alikuwa fundi wa saa. Utoto wetu wote alikaa kwenye kimeza katika korido moja ya mjini, kioo kimebanwa jichoni, akifungua saa za watu. Yake mwenyewe iliibwa siku alipoanguka barabarani. Watu walimvua kila kitu kabla ya kumpeleka hospitali. Hakununua nyingine. Siku hizi mikono inamtetemeka na kazi aliacha. Alipokaribia kutimiza miaka sabini na tano, niliamua kumtafutia saa kama ile yake, ya zamani, ya kutia ufunguo kila asubuhi.

Lakini mimi nililishwa na saa na sijui chochote kuhusu saa. Baba Shiru akaniambia, "Niachie mimi. Kuna Mzee Athumani ana kibanda karibu na steji ya matatu, anauza hizo za zamani." Nikampa akiba yangu yote. Akaniletea saa inang'aa, uso wake mweupe kama sahani mpya. Nilimkumbatia. Sikuuliza swali hata moja.

Jumapili baada ya kanisa tulikusanyika kwangu, ndugu zangu na wake zao na watoto. Baba akafungua kiboksi, akaiweka saa sikioni. Akashika kile kifundo cha pembeni akakizungusha, kikazunguka bure. Niliona uso wake ukibadilika, halafu akaurudisha haraka. "Asante sana, mama," akasema, maana mimi nina jina la mama yake.

Kaka yangu mkubwa, Kamau, hakuweza kunyamaza. "Mzee, ifungue tuone." Baba akakataa. Kamau akaichukua, akaibandua mfuniko wa nyuma kwa kisu. Ndani kulikuwa na kimashine kidogo cha plastiki na betri, kimezungushiwa karatasi kisicheze. "Sista, umeleta ya betri kwa fundi wa saa?" Watu wakacheka mpaka wengine wakashika tumbo. Mume wangu alikuwa amekaa pale, sahani ya kuku mapajani, anatikisa kichwa kama mtu anayenihurumia.

Baba akauliza polepole, "Ni nani aliyeinunua?" Nikasema ni mimi. Sikutaka mume wangu aaibike mbele ya watu wangu.

Wageni walipoondoka Baba Shiru akaniambia, "Huyo mzee ametucheza. Usijisumbue kwenda, atakuwa ashahama." Jumanne nilienda. Mzee Athumani alikuwa palepale, anapangusa vioo.

"Kaa, mama," akasema. "Mumeo nilimfungulia saa mbili tofauti hapa hapa. Nikamwambia, hii ni ya kweli. Jina lililo usoni ndilo lililo kwenye mashine ndani, uso umefifia kwa umri, na ukiitia ufunguo unasikia mlio wa harakaharaka. Hii nyingine ni kava tu la zamani. Uso nimeupaka rangi upya, ndani ni betri, ni ya urembo. Nikamwambia, mtu asinunue saa ya zamani bila kufunguliwa mgongo, na ikiwa mpya sana usoni ajiulize. Yeye akachukua zote mbili."

Zote mbili. Nilitembea hadi nyumbani nikijua kuna mwanamume mwingine mahali amevalishwa saa yangu, au mwanamke amepewa akauze. Nilimwuliza Baba Shiru kabla hajavua viatu. Hakukana.

"Iko kwa mzee wangu, Murang'a."

"Saa ya baba yangu?"

"Baba yako ameshika saa za watu maisha yake yote. Wangu amechuna majani chai miaka arobaini, hajawahi kuulizwa ni saa ngapi. Ningekuambia, ungekubali?"

Sikuamini. Nikampigia mama mkwe kwa video. Hata kabla sijauliza, baba mkwe akatokea kwenye simu, amekonda kwa ugonjwa, ameinua mkono. "Umeona vile kijana wangu amenivalisha?" Ananionyesha jinsi ya kuitia ufunguo, anacheka kama mtoto. Niseme nini kwa huyo mzee? Nimvue?

Na ningekubali, jamani. Hiyo ndiyo inaniuma. Angeniambia tungemnunulia mzee wake kwanza, wangu angengoja. Lakini aliniacha nichekwe nyumbani kwangu na akaendelea kula kuku. Sasa Kamau anaambia ukoo nilitafuta ya bei rahisi makusudi. Baba yangu naye anaivaa ile takataka kanisani kila Jumapili ili nisijisikie vibaya. Nalala chumba cha watoto. Baba Shiru anasema nakuza jambo dogo.

Kuna kingine. Baba mkwe anakuja kliniki wiki ijayo na atakaa kwetu. Baba yangu amesikia, amesema lazima aje amsalimie mwenzake. Atamshika mkono, ataiona ile saa, na hakuna haja ya mtu kumwambia ya kweli ilikwenda wapi. Akiniangalia, nitamjibu nini?

Nimwambie ukweli kabla ya siku hiyo, mume wangu asiweze tena kukanyaga kwa baba? Nimwombe mgonjwa aivue, nimtajie sababu? Au ninyamaze nibaki mimi ndiye mkosaji? Mlio kwenye ndoa, nielekezeni. Msiniambie tu nisamehe.