Joho Lililoliwa Shingoni

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, nguo zenu nyingi ni za nailoni, hata mdudu hazitaki. Za sufu na hariri zina wenyewe, na wenyewe wana meno.

Mjukuu wangu alikuwa aoe Ijumaa. Katika nyumba yetu hii ya Mji wa Kale kila bwana harusi hutoka na joho moja, la sufu nyeusi, la marehemu mume wangu. Alhamisi asubuhi nikalitoa sandukuni tulifukize udi, nikaona mwanga unapita shingoni. Matundu. Nikalikung'uta, vikaanguka vidudu vya manyoya, vifupi kama punje ya mchele. Kanzu za pamba zilizokuwa juu yake hazikuguswa hata uzi.

Dadake bwana harusi akashika kichwa. "Bibi, si avae koti tu?"

"Koti huvaa akienda kazini. Kesho haendi kazini."

Mwenyewe akalivaa, akajitazama kiooni. "Wakwe zangu watasema nimeozwa na panya."

"Watasema umeozwa na mimi. Simama wima."

Akasimama wima, na pindo bado likaburura sakafuni, maana mume wangu alikuwa mrefu na huyu kamfuata mamake. Hapo nikaitisha mkasi.

"Bibi, utaliharibu," msichana akasema.

"Limeshaharibika. Mimi nalipunguza."

Nikakata pindo shubiri nzima, nikampeleka bwana harusi na joho lake kwa fundi, nyuma ya Biashara Street. Fundi akatia viraka vya kile kipande cha pindo kwa ndani, juu akapitisha uzi wa zari. "Mshukuru Mungu kwa ufupi wako," akamwambia, naye mjukuu wangu akacheka mpaka akakaa juu ya marobota ya kanga.

Niliporudi nikalisafisha lile sanduku. Chini limejaa maua makavu ya asumini. Msichana alikuwa akiyatia kila wiki ili joho linukie, kama tufanyavyo wanawake wa hapa. Nikayakung'uta mabichi aliyonunua siku hiyo juu ya shuka nyeupe: vikatoka vidudu vya duara, vya madoadoa, vidogo kuliko punje ya mtama. Nikajua hao ndio wazazi wa vile vya manyoya. Wanakuja na ua, wanazaa kwenye sufu.

Ijumaa bwana harusi alitoka amependeza, hata mjomba wa biarusi akauliza zari ile kaitia nani. Joho liliporudi nikawaita wote nyumbani, wakubwa kwa wadogo.

"Asumini ni ya nywele na kitanda," nikawaambia. "Sandukuni lisiingie hata ua moja. Na joho lianikwe juani, likung'utwe, ndipo lifungiwe."